Mizani ya Tisa

"Shikamoo mama. Shairi nimelipata, nimelisoma mara mbili. Ila mshororo wa pili, kwenye utao, umezidi mizani moja."

Hilo ndilo lililokuwa jibu la binti yangu, saa nne usiku, kutoka Kigoma. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani hapa Tanga, simu mkononi, nikingoja aniambie kwamba shairi limemliza. Ubeti ule mmoja ulinichukua siku tatu. Niliuanza jikoni, nikauendeleza kwenye daladala, nikaumalizia baada ya swala ya isha huku machozi yakinitoka. Yeye alipoupata, aliuhesabu.

Ubeti wenyewe ni huu:

Mwanangu ulo ziwani, salamu zangu zishike,
Umekawia njiani, rudi kwetu upumzike,
Chumba chako ki gizani, njoo taa uiweke,
Asili yako ni pwani, bara usighafilike.

Nikashika vidole, kama nilivyowashikisha wanafunzi wa kidato cha tatu kwa miaka 26. Ru-di-kwe-tu-u-pu-m-zi-ke. Silabi tisa, na utao, kile kipande cha pili cha mshororo, unatakiwa mizani nane. Ile "m" ya "pumzika" inasimama peke yake, ina mizani yake kamili, lakini mdomo huimeza, na ndiyo inayowaponza wanafunzi kila mwaka. Nimeizungushia wino mwekundu mara nyingi mno. Safari hii nilikuwa nimeimeza mimi.

Kabla sijapata la kujibu, ujumbe wa pili ukaingia: "Ukiandika 'urudi upumzike' litakaa sawa."

Na kweli likakaa sawa. U-ru-di-u-pu-m-zi-ke, nane. Nikausoma mshororo kwa sauti, ukateleza ulimini bila kukwama popote. Nikausoma tena. Mara ya tatu ndipo nilipoona kilichotoka. Ili mizani itimie, mwanangu alikuwa ameondoa neno moja tu, nalo ni "kwetu".

Sikuamini kwamba alikusudia. Aliona mahali palipovimba akapatuliza, basi, ndivyo nilivyomfunza. Lakini shairi zima nililitundika kwenye neno hilo. Mengine yote, taa, chumba, pwani, yalikuwa njia ya kulifikia.

Hesabu ya mizani niliirithi kwa baba yangu. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, na usiku alikuwa mtunzi. Alipeleka mashairi redioni, na siku za kipindi cha mashairi hakuna aliyeruhusiwa kukohoa karibu na redio. Mimi nilihesabu kwa punje za mahindi alizonipangia mezani. Binti yangu nilimfunza barazani, akiwa na miaka saba au minane, tukichagua mchele. Ungo ulikuwa magotini mwangu. Mimi natamka kipande, yeye anasogeza punje moja kwa kila silabi, nane upande wake, nane upande wangu. Punje ikibaki, shairi limepungua. Silabi ikikosa punje, limezidi. Mawe na chuya tuliweka pembeni, kwenye kifuniko cha sufuria, na mara nyingine chakula cha mchana kilichelewa kwa sababu ya ubeti mmoja.

Baada ya muda hakuhitaji punje. Nakumbuka alasiri moja yuko uani anacheza rede na wenzake, mimi niko dirishani nasoma kwa sauti kazi ya mwanafunzi, mara nasikia kutoka uani: "Mama, hapo pamezidi!" Hata mpira hakuusimamisha. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku niliyopata cheti changu cha ualimu.

Kwa hiyo nisiseme kwamba sikujua sikio lile limetoka wapi.

Usiku ule wa "urudi upumzike" usingizi ulinipaa. Nikafungua kabati nikamtoa Mwana Kupona. Nimeusomesha utendi wake miaka mingi, na mara nyingi darasa liligawanyika, maana mama huyu wa Siu, kisiwani Pate, anamuusia bintiye jinsi ya kuishi na mume kwa unyenyekevu ambao wasichana wangu hawakuukubali. Walinung'unika, wengine waligonga madawati. Sikuwalaumu. Nami pia kuna beti nilizozipita haraka. Lakini usiku ule sikusoma kama mwalimu. Nilisoma kama mama mwenye binti mbali.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyekataa kuinama mbele ya Sultani wa Unguja. Utendi aliutunga 1858. Alikuwa mgonjwa, na anatuambia mwenyewe kwamba maradhi yalikuwa yametimiza mwaka. Hakuishi sana baada ya hapo. Bintiye, Mwana Hashima, alikuwa ndiyo kwanza anaingia utu uzima. Mama anaona siku zake zinakatika na mtoto bado hajaambiwa. Mambo yote aliyotaka kuyasema kwa miaka thelathini ijayo anayakusanya katika beti mia moja na ushei. Huwezi kuelewa uzito wa utendi ule mpaka uwe umemsindikiza mtoto stendi, basi likaanza kuondoka, nawe ukakumbuka kitu ulichosahau kumwambia.

Ila kilichonishika ni kitu kidogo, tena kiko mwanzoni kabisa, mahali ambapo darasani tulipita mbio:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

Njoo mbele ukae, na wino na karatasi. Wapo watakaosema wino aliletewa mama. Mimi nausoma hivi: anayeitwa na wino ndiye atakayeandika. Mama yuko kitandani, amedhoofu, maneno anayo. Kalamu iko kwa binti.

Nikaenda kwa Shaaban Robert. Huyu ni wa kwetu kabisa, amezaliwa Vibambani, kando ya mji wa Tanga, mwaka 1909. Aliwaandikia wanawe tenzi mbili, Adili kwa Suleiman na Hati kwa Mwanjaa. Nikafungua Hati, na nilipofika mwanzo wake nikaweka kitabu chini. Naye anamtaka binti akae juu ya kiti, aandike. Mama wa Siu na baba wa Vibambani, karibu karne moja kati yao, na wote wawili wanaanza kwa kumkalisha binti na kumpa kalamu.

Mabinti wawili wanaandika, na kila wanachoandika ni maneno ya mzazi. Hatumsikii Mwana Hashima akisema, "Mama, hilo la kumi na nne siliwezi." Hatumsikii Mwanjaa akiuliza swali. Kalamu inakwenda, kichwa kimeinama. Nami ubeti wangu niliutunga katika safu hiyohiyo: njoo, kaa, shika salamu, washa taa. Wangu tu ndiye aliyeinua kichwa akasema mama, pamezidi.

Lazima nieleze jinsi tulivyofika hapo.

Binti yangu ni muuguzi. Alipopata ajira alipangiwa kituo Kigoma, upande wa pili kabisa wa nchi. Sisi tunaamka na bahari, yeye anaamka na ziwa, na kati yetu basi linalala njiani. Tuliagana kwa mpango: miaka miwili, kisha ataomba uhamisho. Mpango huo niliutamka mimi. Yeye aliitikia "abee mama", nami nikauchukua mwitikio ule kama sahihi.

Mwaka wa kwanza alipiga simu kila usiku. "Mama, nifanyeje?" Mchele wa huku hauivi, nifanyeje. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, nifanyeje. Nimeota marehemu baba, nifanyeje. Nilijibu yote, na nikikata simu nililala vizuri. Mwaka wa pili simu zikawa za Jumatano na Jumapili, na neno likabadilika. Sikuligundua mara moja. Siku moja nilisimama katikati ya sebule na nikajisikia kama niliyesahau kitu, nikakaa kutafuta ni nini, nikakipata: hajaniambia "nifanyeje" tangu mfungo. Siku hizi anasema "nimeshafanya". Mama, nimehama nyumba, hii ina maji. Mama, nimejiandikisha kusoma, nitakwenda jioni. Mama, nilikuwa na homa wiki iliyopita, nimeshapona.

Hilo la homa liliniuma. Mtoto wangu ameugua na kupona mimi sijui, nilikuwa nakula wali wangu kwa raha.

Hata sauti ilibadilika. Zamani nikimwita aliitika "abee", ile ya kuvuta. Sasa simu ikipokelewa nasikia, "Ndiyo mama, nakusikiliza." Ni sauti nzuri, ina upole. Nilipomtembelea baadaye niliisikia akiwapa wagonjwa.

Na iko kumbukumbu nyingine ambayo siipendi lakini ni haki niiweke hapa. Akiwa kidato cha tano alirudi likizo na shairi lake mwenyewe, halina vina, halina mizani, mishororo mingine neno moja tu. Ule ugomvi wa miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, mwaka 1974 na wanamapokeo wakasema hayo si mashairi, uliingia nyumbani kwangu miaka arobaini baadaye na mimi nikachagua upande bila kufikiri. Nilimwambia hiyo ni insha iliyokatwakatwa. Mwalimu wa Kiswahili, ninayefundisha mashairi huru kwenye mtaala, nikamwambia hivyo mwanangu. Aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni. Shairi lenyewe, nakumbuka, lilikuwa linahusu ungo. Hakunionyesha kazi yake nyingine tena.

Jibu lake kwa ubeti wangu lilikuja siku tisa baadaye, Ijumaa, mimi nikiwa foleni ya kulipia maji.

Watunzi wetu wana utaratibu wa kujibizana. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walipigana kwa mashairi wakati miji yao inapigana kwa silaha. Baadaye magazetini na redioni watu ambao hawajawahi kuonana walilumbana kwa miezi. Fundi anayejibu hushika vina vilevile alivyokuta. Ukinitungia kwa -ni na -ke, nami nakujibu kwa -ni na -ke, ili msikilizaji ajue sikukimbia uwanja. Ndiyo heshima ya mchezo. Unampinga mtu huku umevaa nguo yake.

Na kwa mtoto na mzazi, mimi naona utaratibu huu una faida ambayo sikuwahi kuifundisha, kwa sababu sikuwahi kuihitaji. Kwa desturi yetu mtoto hamkatalii mama usoni. Anaweza kunyamaza. Anaweza kusema "sawa mama" kisha asifanye. Anaweza kumtuma shangazi. Lakini kusema "hapana, mama" kwa mdomo, macho kwa macho, ni kuvunja kitu. Katika shairi analisema akiwa amepiga magoti, maana kila kina kinachoangukia mahali pake ni salamu. Binti yangu aliandika:

Mama naomba idhini, neno langu lisikike,
Siko mama ugenini, wala sioni upweke,
Taa yako i moyoni, niendako na iwake,
Asili yangu ni pwani, na bara nisitirike.

Nilihesabu. Siwezi kusema uongo, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu. Nane, nane, nane, nane, mpaka mwisho, hakuna punje iliyobaki. Yule aliyekunja karatasi yake mara nne alikuwa amerudi kwenye vina, na alirudi ili aniambie kwamba harudi.

Nikatazama kibwagizo. Nilimwachia "bara usighafilike", yeye amekinyanyua akakigeuza kwa silabi chache tu. Kisha neno la mwisho likanichoma. Nisitirike.

Wa bara watanisamehe, hili ni neno letu linalohitaji maelezo. Kusitirika ni kufunikwa, kuwa na paa na nguo, aibu yako isionekane. Lakini pwani mwanamke akiolewa tunasema amesitirika, amepata wa kumsitiri. Nikatoka kwenye foleni bila kulipa. Nilimpigia nikiwa nimesimama juani.

"Nani huyo anayekusitiri?"

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kicheko chake, kile cha utotoni.

"Bati, mama. Nimenunua kiwanja."

Kiwanja chenyewe alikuwa amekinunua miezi minne kabla. Amekilipa kwa awamu tatu, amepita kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wamesaini, msingi umeshapanda. Miezi minne ya Jumatano na Jumapili, ameniuliza habari za magoti yangu, za paka, za jirani aliyehama, na kiwanja kimo kifuani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nisubiri uhamisho."

Ni kweli, ningesema. Ningelisema kwa upole na kwa siku nyingi, mpaka muuzaji ampe mtu mwingine. Nilitaka kumkemea nikakosa pa kuanzia, basi nikamuuliza kitu nilichokuwa nacho moyoni tangu usiku wa kwanza, kwa nini aliondoa "kwetu".

"Nilijaribu kulibakiza, mama. Halikukubali."

Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe mezani, "Na mama, aliyetuandikia sheria za mizani alikuwa mtu wa huku. Wa Ujiji."

Hilo nalo ni kweli, na mimi ndiye niliyelifundisha. Shekhe Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na diwani yake, kilitoka 1954. Baadaye akawa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki 1964 akiwa bado kijana kwa umri wa viongozi. Nakala yangu imetoka jalada, nimeishona kwa uzi. Nimehesabu maisha yangu yote kwa kanuni zilizopangwa na mtu wa ziwani, na bado nikamwandikia mwanangu aliye ziwani kwamba bara asighafilike. Sikuwa nimeziweka habari hizo mbili pamoja hata siku moja.

Kabla ya kuagana akasema, "Radhi yako, mama."

Mwana Kupona anamwambia bintiye kwamba kiumbe ana radhi tano za kutafuta, na baada ya Mungu na Mtume zinafuata ya baba na ya mama. Anaianza sehemu hiyo kwa kumwita bintiye "mama": mama, pulika maneno. Ndivyo tunavyowaita mabinti zetu hadi leo, na sijui lugha nyingine ya mapenzi iliyo kubwa kuliko hiyo, kumpa mtoto jina la aliyekuzaa. Radhi ikiombwa haicheleweshwi. Mimi niliichelewesha. Nilimwambia nitamjibu kwa shairi.

Nikashindwa. Wiki mbili nzima kila nilichoandika kilikuwa wasia uleule umebadilishwa nguo. Nikianza na "nimekuridhia" naishia na "lakini". Katikati ya wiki hizo ukafika mzigo kwa basi, dagaa wa Kigoma na kitenge kutoka Kongo, bluu iliyokoza, kama ziwa saa za alasiri. Mimi ni mtu wa kanga. Ukinipa kanga nafungua kwanza nione jina lake limesema nini, kisha ndiyo nashukuru. Nilikigeuza kitenge kile upande huu na upande ule, nikatafuta maneno kwenye pindo. Kitenge hakina maneno. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Kesho yake nikakata tiketi.

Safari ya siku mbili sitaieleza, ila nilipokiona Kigoma kinashuka kuelekea majini moyo ulinisaliti, maana palifanana na nyumbani. Alinipokea stendi akiwa na sare ya kazi, akapiga goti palepale kwenye vumbi, mizigo ya watu inapita juu ya kichwa chake. "Shikamoo mama." Jioni tulikula migebuka na ugali wa muhogo, mafuta ya mawese yakang'aa vidoleni. Nikamwambia kwa maneno ya kawaida, bila kina wala mizani, kwamba nimemridhia, na kwamba shairi lake la ungo lilikuwa shairi. Alinawa mikono kwanza. Kisha akaniwekea kichwa begani, kizito kama alivyokuwa akikiweka akiwa na homa.

Asubuhi alinipeleka kwenye kiwanja, njia ya Ujiji, mahali penye miembe ya zamani. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Alinionyesha hati ya mauziano ndani ya mfuko wa nailoni, jina lake lote limeandikwa kwa mwandiko wake ulionyooka, na chini sahihi yake, kubwa, inayopita mstari. Nilijua mwandiko ule tangu ukiwa unakwenda kombo. Nilisoma hati yote, mipaka yake kaskazini na kusini, mashahidi, bei. Hakuna neno langu humo.

Fundi alikuwa anamngoja kwa orodha ya vifaa. Binti yangu alivuta kiti cha plastiki akakipangusa kwa kiganja, akakiweka chini ya mwembe. Akachana karatasi katikati ya daftari, akanipa na kalamu.

"Kaa hapa mama, uniandikie. Mimi nikipanda juu nitakuwa nakutajia."

Nikakaa. Akapanda kwenye jukwaa la miti na futi ya fundi mkononi, kitenge amekifunga kiunoni, akaanza kutaja. Saruji mifuko kumi na miwili. Nondo za milimita kumi, nane. Mbao mbili kwa nne. Anapima, anabishana na fundi kidogo, anataja. Nami naandika.

"Vitasa vitatu."

"Vitatu? Si ulisema vyumba viwili tu?"

"Mlango wa mbele na chumba changu," alisema bila kugeuka, "na chako."

Niliinamia karatasi. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika kwenye misumari ya bati, ameshataja na kilo zake, nikamwomba arudie.